"Mume wangu anasema SUV ni gari la sifa. Mimi nataka mama akae vizuri"

Mshauri, salaam.

Tuna gari dogo la saluni lenye umri wa miaka 13. Watoto ni watatu: wa kwanza ana miaka 14 na miguu imeshamzidi baba yake, wa pili ana 9, wa mwisho ana 3 na bado anafungwa kwenye kiti cha mtoto. Tangu mwaka jana mama yangu anaishi nasi. Magoti yake ni mabovu. Akiingia kwenye gari letu anajishusha kama anayekaa kwenye kigoda, na kutoka lazima mtu amvute mikono yote miwili. Tukitaka kwenda mahali sote sita, mume wangu hufanya safari mbili.

Nimeweka akiba miaka minne ili ninunue SUV ya kati iliyotumika, yenye viti saba. Nimepata mbili. Ya kwanza ni Nissan Pathfinder ya 2008, injini ya V6 (silinda sita) ya lita 4.0, giaboksi ya otomatiki, kilomita 190,000. Imepakwa rangi upya, inang'aa, na bei yake itaniachia theluthi nzima ya akiba. Muuzaji anasema hilo ndilo gari la chuma, ya siku hizi ni makopo. Ya pili ni Toyota Highlander ya 2014, V6 ya lita 3.5, kilomita 168,000. Anayeiuza ndiye aliyekuwa akiiendesha, ana faili la risiti za sevisi, lakini mlango mmoja una mkwaruzo mrefu, na bei yake itameza akiba yangu mpaka senti ya mwisho.

Mume wangu hataki hata moja. Anasema hayo ni magari ya sifa, yanakunywa mafuta, vipuri vyake ni ghali, na mtu mmoja kuzungusha gari la tani mbili kwenda kazini ni ufujaji. Ni kweli siku za kazi ninaendesha peke yangu, kilomita 40 kwenda na kurudi. Yeye anataka tuchukue gari dogo jipya kidogo, la miaka minne au mitano, na safari mbili ziendelee. Tumebishana mpaka siku hizi neno "gari" likitajwa mezani watoto wanainuka.

Je, ninakosea? Na kama sikosei, nichukue ipi?

Mama wa Watatu

---

Mama wa Watatu,

Mumeo ametoa hoja tatu: mafuta, vipuri, sifa. Mbili za kwanza ni za kweli, usimbishie. Ya tatu tutaifikia.

Kwenye mafuta nitakupa hesabu, angalau mbishane kwa namba. V6 ya Highlander hiyo, kwa mchanganyiko wa foleni na barabara kuu, hunywa kama lita 12 kwa kilomita 100. Saluni ndogo yenye afya hunywa 7 na nusu. Safari zako za kazini kwa mwaka zinafika kama kilomita 10,000. Tofauti ni lita 450 kila mwaka, nawe uko peke yako na viti sita vitupu. Pathfinder ni zaidi: injini kubwa, gari zito, lita 14 hadi 15, kwa hiyo tofauti inakaribia lita 700. Zidisha kwa bei ya mafuta mnayonunua, umpelekee mwenyewe kabla hajakuletea.

Ila hesabu yake ya safari mbili ameikata katikati. Mkienda mahali penye umbali wa kilomita 10, gari linakwenda, linarudi kuchukua waliobaki, linakwenda tena: kilomita 30. Wakati wa kurudi nyumbani ni hivyo hivyo, 30 nyingine. Matembezi ya kilomita 20 yamekuwa 60. Gari dogo hapo limekunywa lita 4 na nusu, wakati SUV ingebeba wote mara moja kwa lita 2.4. Mkitoka hivyo mara mbili kila wiki, SUV itawarudishia zaidi ya lita 200 kwa mwaka. Bado haifuti zile 450, sitakudanganya. Kwa mafuta peke yake mumeo anashinda, lakini kwa nusu ya alivyodhani, na hapo sijahesabu saa zake za kurudi njiani huku mama mkwe wake akisubiri nje.

Vipuri ndiko wengi wanakoumia, mimi nikiwa mmoja wao. Gari likizeeka bei yake hushuka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Highlander iliyokaa barabarani zaidi ya miaka kumi inauzwa kwa sehemu tu ya bei ya mpya, ila tairi zake bado ni zile pana za rimu ya inchi 18 au 19, breki bado ni za kusimamisha karibu tani mbili, bushi na shokapu bado zinabeba uzito ule ule. Aliyelinunua jipya alikuwa na mfuko wa kulihudumia. Anayelinunua mkononi mwa tatu mara nyingi ana mfuko wa kulinunua tu.

Mimi nilikuwa huyo. Miaka mingi iliyopita nilinunua SUV ya kati inayovuta kwa magurudumu manne, kwa akiba yangu yote, nikatoka na funguo mkononi na pochi tupu. Wiki ya sita ikaanza kung'ang'ania kwenye kona kali, kama mtu anaikanyagia breki. Fundi alilala chini ya gari dakika mbili, akaibuka na kipimo cha kashata za tairi. Tatu zilikuwa zimekwisha, moja ilikuwa karibu mpya. Mwenyewe wa kwanza alipasua tairi moja, akabadilisha hiyo moja. Tairi mpya ina kimo zaidi ya zilizolika, kwa hiyo huzunguka mara chache zaidi kwa umbali ule ule, na mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukawa unapigana na tofauti hiyo kila kilomita mpaka ukachoka. Nilihitaji tairi nne na matengenezo makubwa, na pesa ya tairi moja sikuwa nayo. Gari lilikaa gereji wiki tisa. Nilikuwa napita nje ya uzio nalitazama.

Basi swali lako la "ipi" ninalijibu nikiwa na kumbukumbu hiyo. Pathfinder achana nayo.

Si kwamba Nissan hawajui kutengeneza gari. Ni kwamba kizazi hicho cha Pathfinder, hasa za 2005 hadi 2010 zenye otomatiki, kina ugonjwa unaojulikana na mafundi wengi: rejeta. Ndani ya rejeta hiyo kuna kipoza cha oili ya giaboksi, na kikipasuka, maji ya rejeta na oili ya giaboksi vinachanganyika. Unapata kitu cha rangi ya waridi, kizito kama maziwa. Kemikali ya glaikoli iliyomo kwenye maji ya rejeta hulainisha gundi inayoshika bitana za klachi ndani ya giaboksi, nazo hubanduka. Siku gari linapoanza kutetemeka kwenye mwendo wa kati, mara nyingi giaboksi imeshakufa. Rejeta yenyewe si kipuri cha kutisha bei. Giaboksi ndiyo inayomaliza ile theluthi ya akiba unayodhani imebaki.

Gari kama hilo linaweza kununuliwa salama kama kuna risiti ya rejeta mpya, au kama kuna fundi aliyeifungia giaboksi kipoza chake cha nje. Wewe hukutaja risiti yoyote. Ulichotaja ni rangi mpya. Sipendi rangi mpya kwenye gari la 2008. Mtu hapaki gari zima rangi kwa sababu lilikuwa zuri.

Na ile habari ya chuma na makopo, muuzaji hajasema uongo wote. Pathfinder hiyo imejengwa juu ya chasisi kama lori, bodi ikafungwa juu yake. Highlander bodi na chasisi ni kitu kimoja, kama saluni iliyonyanyuliwa. Ukivuta tela la tani mbili na nusu, au ukipita kwenye makorongo kila siku, ningemsikiliza. Wewe unakwenda kazini na kurudi. Kwa maisha hayo chasisi ya lori ni uzito unaolipia mafuta, na zaidi ya hayo inakaa juu. Magoti ya mama yatapanda ngazi.

Hapo ndipo hoja ya sifa inapoanguka, kwa maoni yangu. Faida kubwa ya SUV ya kati iliyojengwa kama Highlander ni kimo cha kiti. Kwa mtu wa kimo cha wastani kiti cha mbele kinakaa karibu na usawa wa nyonga. Mtu hajishushi wala hapandi. Anageuza makalio, anakaa, anaingiza miguu. Mumeo akiona hivyo ni sifa, mwambie amtoe mama kwenye saluni mara nne kwa siku moja, peke yake.

Lakini kimo hicho usikichukue kwa maneno yangu. Nenda na mama. Nenda na watoto wote watatu na kiti cha mdogo. Nasisitiza hili kuliko hata injini, kwa sababu watu hununua viti saba bila kuvikalia. Ya viti saba, kwa Highlander ya mwaka huo, huwa na viti viwili vilivyoachana kwenye safu ya kati, na nafasi katikati. Mama atakaa mbele. Anayekaa mbele sasa, wewe au mumeo, atarudi safu ya kati pamoja na kiti cha mtoto. Maana yake wa miaka 14 na wa miaka 9 wote wanakwenda safu ya tatu. Kiti cha mtoto kikishafungwa, kiti kilichokibeba hakikunjwi tena kupisha mtu, kwa hiyo watapita upande wa pili au kwenye ile nafasi ya katikati. Na safu ya tatu ya SUV ya kati sakafu yake iko juu, magoti yanakaribia kidevu. Wa 9 atafurahi. Wa 14 mwenye miguu ya baba yake, mpe dakika ishirini humo ndani gari likitembea, umuulize. Fungua na buti hapo hapo, safu ya tatu ikiwa imesimama. Utaona inaingia mizigo michache tu. Kusafiri mbali watu sita na masanduku yenu haiwezekani bila kufunga mizigo juu.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likakuudhi kama linavyowaudhi wengi: umefikiria gari la familia lenye milango ya kuteleza? Toyota Sienna ya miaka hiyo inatumia V6 ile ile ya lita 3.5 iliyo kwenye Highlander. Sakafu yake ni ya chini, mlango unafunguka wote, safu ya tatu anakaa mtu mzima, na nyuma yake kuna shimo refu la mizigo. Kwa magoti mabovu na mtoto wa miaka mitatu, ni gari bora kuliko SUV yoyote ya bei hiyo, na kwa kuwa watu wanaona aibu kuliendesha, mara nyingi huuzwa nafuu zaidi. Mumeo akilisikia pendekezo hili hana pa kuliita gari la sifa. Kama halipatikani karibu nawe, au hulipendi tu (nalo ni jibu halali, utakuwa ndani yake kila siku), rudi kwenye Highlander.

Highlander hiyo naipenda kwa ajili ya lile faili. Kilomita 168,000 si nyingi kwa injini hiyo ikiwa imebadilishiwa oili kwa wakati, na inatumia cheni ya taimingi (inayooanisha mizunguko ya ndani ya injini), si mkanda wa kubadilisha. Linganisha na Honda Pilot, ambayo wengi wataipendekeza: gari zuri, lakini lina mkanda unaotakiwa kubadilishwa karibu kila kilomita 160,000, na ukikatika injini inajivunja yenyewe. Kama utaangukia Pilot, bila risiti ya mkanda toa gharama yake kwenye bei.

Faili lisome wewe mwenyewe, usiridhike na unene wake. Tarehe na kilomita zipande pamoja bila kuruka wala kurudi nyuma. Tafuta plagi: ratiba yake ni karibu kilomita 192,000, kwa hiyo zinakuja, na katika injini hiyo iliyolala kimkingamo plagi tatu za nyuma zimejificha upande wa dashibodi, kuzifikia lazima sehemu ya juu ya njia ya hewa itolewe. Kazi hiyo ina ufundi wa saa kadhaa, itumie kuteremsha bei. Tafuta oili ya giaboksi. Haina kijiti cha kupimia, na kwa sababu hiyo wenye magari wengi huisahau milele. Halafu mwambie fundi aangalie pampu ya maji. Kulanti (maji ya rejeta) ya Toyota ni ya waridi, na pampu ikianza kuvuja huacha ukoko wa rangi hiyo pembeni, kama chumvi iliyokauka. Ukoko si sababu ya kukimbia. Ni pampu, inabadilishwa, nayo pia inatoka kwenye bei.

Fundi awe wako, alipwe na wewe, na asiwe rafiki wa muuzaji. Fikeni asubuhi, mguse boneti kabla haijawashwa. Kama ni ya moto, mtu ameiwasha ili kuficha namna inavyowaka ikiwa baridi, ahirisheni siku. Achomeke mashine ya kusoma kompyuta ya gari hata kama hakuna taa inayowaka, na asiangalie makosa tu, aangalie kama majaribio ya ndani ya gari yamekamilika. Kama mengi bado hayajakamilika, kuna aliyefuta makosa jana au juzi. Kwenye tairi kuna namba ya DOT inayoishia na tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilingane, na kashata ziwe za kina kimoja, unajua sasa kwa nini. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Matope yaliyokauka huko ndani ni ya mafuriko, na hapo ondokeni. Mkwaruzo wa mlangoni mimi ninaupenda. Ni kasoro isiyojificha.

Chukua pia namba ya chasisi, ile ya herufi na tarakimu 17, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji kuona kama gari lilikuwa na wito wa kurekebishwa ambao haukufanyiwa kazi. Ni bure. Mifuko ya hewa (airbag) yenye kasoro ya kampuni ya Takata iliwagusa watengenezaji zaidi ya kumi na magari mamilioni, na mengine bado yanauzwa mkononi bila kurekebishwa.

Imebaki senti ya mwisho. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Tenga angalau asilimia 15 ya akiba, usiiguse wakati wa kununua, hata muuzaji akikwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Kama haelewani nawe kwenye bei inayoacha kiasi hicho, basi si gari lako mwezi huu. Tafuta ya 2012 au 2013 yenye faili kama hilo. Ni umbo la zamani, lakini injini ni ile ile na bei iko chini.

Au angalia uani kwako. Barua yako yote haisemi saluni itaenda wapi. Ina miaka 13, haina thamani kubwa sokoni, lakini inakunywa 7 na nusu na inakufikisha kazini. Ukiibakiza kwa zile kilomita 40 za kila siku, SUV ikasubiri siku za watu sita, zile lita 450 zinapotea kwenye hesabu ya mumeo, na Highlander itakula kilomita chache kwa mwaka. Utalipia bima mbili, kweli, kwa hiyo pigeni hesabu hiyo pamoja: bima ya saluni kwa mwaka upande mmoja, lita 450 upande wa pili. Ikionekana bima ni kubwa, iuze, na pesa yake iingie kwenye ile akiba ya matengenezo, isiongezwe kwenye bei ya gari.

Mwombe mumeo aende nawe siku ya kulikagua, yeye ndiye akae safu ya tatu.

Mshauri wako